Mjadala: Sigara ya moja moja iondolewe madukani? Nani hasa anawaingiza vijana wetu kwenye tumbaku?

MZAZI MBAGALA:
Wakuu, salaam. Naleta hoja moja, naomba tuijadili bila matusi.

Kila mtoto akikamatwa na sigara tunasema "makundi mabaya". Kundi baya halina kiwanda wala halina leseni ya biashara. Sigara ya kwanza ya mtoto inatoka dukani, tena duka lile lile analotumwa chumvi na sabuni. Hapa mtaani kwangu duka lina nondo mbele. Kwenye nondo kimefungwa kibiriti cha gesi kwa kamba ya manila, kinaning'inia usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la tano. Pakiti imefunguliwa, imesimamishwa katikati ya kopo la pipi na kopo la Big G. Hela ya andazi inatosha kupata moja. Saa kumi jioni wanafunzi wa sekondari wanapita na sare zao, wanaagiza "fegi na Big G" kwa mkupuo mmoja, na muuzaji anahesabu chenji kama ameuza kiberiti.

Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sijawahi kuona muuzaji akimuuliza mtu umri.

Hoja yangu: sigara ya moja moja iondoke madukani. Anayevuta anunue pakiti nzima. Mtu mzima atajipanga, mtoto hana hela ya pakiti. Karibuni.

FUNDI SURUALI:
Mleta mada, huyo mtoto alilijua duka kwa kutumwa na nani? Baba yuko kwenye bao anapiga kelele: "Wewe, kimbia kwa Mangi kachukue Sportsman mbili, mwambie nitalipa kesho." Mtoto anazijua Embassy, Sweet Menthol na Sportsman kabla hajaijua tebo ya saba. Akifika miaka kumi na tatu anachukua tatu, mbili za baba, moja yake. Wazazi wa Mbagala anzeni na nyumba zenu ndipo mwende kwa Mangi.

MZAZI MBAGALA:
Fundi, "wazazi wa Mbagala" ndio watu gani? Nimekaa huku tangu nikiwa kijana, nimelea huku, sivuti na sijawahi kumtuma mtoto sigara. Au kwenu Sinza watoto hawatumwi? Jibu hoja, acha kugawa watu kwa vituo vya daladala.

FUNDI SURUALI:
Nani kakwambia nakaa Sinza? Niko Charambe, jirani yako kabisa, ndiyo maana nayajua ninayoyasema.

KIJANA WA BWENI:
Wazee wangu shikamooni. Mnabishana kuhusu duka na baba, hakuna aliyemuuliza anayevuta. Mimi nilianza kidato cha tatu, shule ya bweni, na kule hakuna Mangi wala baba.

Tulikula saa kumi na moja jioni. Prepo, yaani masomo ya usiku, inaisha saa nne usiku. Kuanzia saa mbili tumbo linadai, na mtu wa kidato cha sita anakwambia fegi inakata njaa. Na kweli inakata, hapo hakudanganya. Tulikuwa tunakwenda nyuma ya matangi ya maji, watu sita au saba, sigara moja inazunguka. Ukirudi unatafuna majani ya mpera ili mwalimu wa zamu asinuse. Mimi harufu ya moshi sikuipenda hata siku moja. Nilichokitaka ni kuitwa. Wale kaka walikuwa hawamjui mtu jina, ila ukienda nao nyuma ya tangi, kesho bwaloni wanakuita kwa jina na hakuna anayekugusa. Kwa mtoto wa miaka kumi na sita aliyetoka wilaya nyingine, hicho ni kitu kikubwa kuliko mnavyofikiria.

Sasa hiyo sigara ya moja moja mkiipiga marufuku, sisi tungechanga tukanunua pakiti. Tungevuta zaidi.

MAMA WAWILI:
Pole mwanangu. Je, umeacha?

KIJANA WA BWENI:
Marahaba ya shikamoo yangu kwanza mama 😀 Nimepunguza.

MAMA WAWILI:
Marahaba. "Nimepunguza" nimeisikia kwa marehemu kaka yangu mpaka alipolazwa, kwa hiyo usiniambie mimi.

Nina jingine. Mnazungumzia wavulana tu hapa. Mabinti hawaanzii dukani kwa Mangi, binti akionekana pale mtaa mzima unajua kabla ya magharibi. Wanaanzia kwenye shisha, mezani, na marafiki, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtu. Ina ladha ya tufaha, ina mnanaa, chombo kinang'aa, picha zinapigwa. Ukimuuliza anakwambia "mama huo ni mvuke tu, unapita kwenye maji." Ile ni tumbaku, na kuna mkaa unawaka juu yake! Maji hayasafishi kitu.

MTU WA PWANI:
Shisha si ilipigwa marufuku 2017? Nakumbuka kabisa, Makonda.

NYAMA CHOMA:
Makonda ilikuwa 2016, akiwa mkuu wa mkoa wa Dar. 2017 mwishoni ni Kenya, na Rwanda mwezi huo huo. Uganda walishaiweka kwenye sheria yao ya 2015, na wakapandisha umri wa kuuziwa tumbaku hadi miaka 21.

MTU WA PWANI:
2016, 2017, ninachosema ilipigwa marufuku. Na bado mama anasema binti zake wanavuta. Basi marufuku zenyewe ndio hizo.

MAMA WAWILI:
Nimesema wapi ni binti ZANGU? Soma uelewe kabla ya kuandika. Na hata wangekuwa wangu ningesema, maana kuficha ndiko kunakowamaliza.

KAMANDA 77:
Kwa mila zetu mwanamke anayevuta ni aibu kuliko mwanamume. Tusidanganyane na usawa wa Ulaya.

MAMA WAWILI:
Kamanda, bibi zetu walikuwa na ugoro kwenye pindo la khanga, na tambuu yenye tumbaku pwani nzima inatafunwa na akina mama mbele ya wakwe zao. Mila zipi hizo? Pafu la mwanamume limeumbwa kwa bati? Aibu yenu hiyo ndiyo inayomfanya binti avute chooni na akikohoa damu asiende hospitali.

MGANGA WA KATA:
Nimesoma kimya muda mrefu, naomba niseme kama mtu ninayewaona wagonjwa.

Kwanza, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo wa kijana bado unajengwa, ndiyo maana anayeanza na miaka 14 anashikwa kwa nguvu kuliko anayeanza na miaka 30. Wengi wa wavutaji wakubwa walianza wakiwa vijana wadogo. Ukimvusha mtu salama ujana wake, uwezekano wa kuanza baadaye ni mdogo sana.

Pili, ladha ina kazi yake. Mentholi inapoza koo, mtoto hakohoi ile mara ya kwanza ambayo kikohozi kingemfukuza. Umoja wa Ulaya waliziondoa sokoni sigara za mentholi mwaka 2020. Sisi zipo, na ndizo anazoanza nazo kijana.

Tatu, bei. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi ifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi kama zetu hushuka kwa karibu asilimia 5, na vijana ndio wanaoshuka zaidi kwa sababu mfuko wao ni mdogo. Hapa hoja ya mleta mada ina uzito: sigara ya moja moja inaivunja nguvu kodi. Serikali inapandisha bei ya pakiti, duka linaigawa pakiti vipande ishirini, na maumivu ya bei hayamfikii mtoto.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima 8.7 katika kila 100 wanatumia tumbaku, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Bado hatujachelewa, kuna nchi zina hali mbaya mara tatu ya hiyo.

Na tuache unafiki. Nchi inalima tumbaku, inajisifia dola za tumbaku, halafu inashangaa watoto kuvuta. Kuna mikoa imesomesha watoto wake kwa hela ya sumu na hakuna anayetaka kulisema.

KALIUA ASILIA:
Mganga, ulikuwa unaongea vizuri mpaka ulipofika kwenye "hela ya sumu".

Mimi ni mmoja wa hao waliosomeshwa kwa hela ya sumu, huku Kaliua, Tabora. Umewahi kuliona bani la kukaushia tumbaku? Kibanda kirefu cha matofali, ndani fito zimepangwa na majani yamefungwa mafungu mafungu, nje mdomo wa tanuru. Moto hauzimwi usiku wala mchana kwa siku kadhaa, na haupandishwi ovyo, ukizidi jani linaungua, ukipungua linaoza. Baba alikuwa analala pale nje na koti lake. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufunga majani kwenye fito. Mikono inashika gundi nyeusi, huitoi kwa sabuni. Ukila ugali kwa mkono huo ugali unakuwa mchungu kama shubiri. Asubuhi jani likiwa na umande ukichuma unazungukwa na kichwa, unatapika, mama anakupa uji unarudi shambani. Hiyo ndiyo ada yangu ya sekondari. Wewe yako ililipwa na nini?

Na nikujuze: sehemu kubwa ya jani letu inasafirishwa nje. Kijana wa Mbagala anayevuta nyuma ya duka havuti kwa sababu baba yangu alilima.

MGANGA WA KATA:
Ndugu Kaliua, hukunielewa, na wewe mwenyewe umeniandikia ushahidi. Kile kizunguzungu na kutapika ni nikotini inapita kwenye ngozi. Ulipewa sumu ukiwa mtoto bila kuvuta hata pafu moja. Mimi sikumtukana baba yako, nimesema nchi.

KALIUA ASILIA:
Umesema "mikoa". Soma ulichoandika.

MNYAMWEZI HALISI:
Naunga mkono Kaliua. Kila siku Tabora, Tabora. Pamba ikishuka bei mnalia na mkulima, kahawa ikishuka mnalia na mkulima, tumbaku mkulima ni muuaji.

LITUMBANDYOSI:
Halafu kuna watu wanadhani tumbaku ni Tabora peke yake. Namtumbo tunalima, Chunya wanalima, Katavi, Kahama. Msijimilikishe hata lawama 😀

NYAMA CHOMA:
Urambo yenyewe ilianzia kwenye karanga. Mwingereza alikuja na mradi wake wa karanga baada ya vita, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukafa ndani ya miaka michache. Urambo ikageuziwa tumbaku. Kwa hiyo hata hiyo tumbaku watu waliikuta imepangwa na mkoloni.

MNYAMWEZI HALISI:
Mkuu usiandike kama vile mababu hawakuwa na tumbaku. Walikuwa nayo ya ugoro na ya kiko kabla Mwingereza hajaonekana. Aliyoleta ni ya kuuzia nje.

MPENDA MITI:
Wote mmesahau misitu ya miombo. Bani linakula magogo usiku na mchana. Nendeni mkaangalie Kaliua na Urambo mlivyoziacha. Na huko huko ndiko asali bora ya nchi hii inakotoka, nyuki watatua wapi?

KALIUA ASILIA:
"Mlivyoziacha"? Mkaa wa Dar es Salaam unatoka bustani gani? Mnapika kwa mkaa wetu, halafu mnatufundisha miti.

WA KISAUNI:
Ndugu zangu wa Bara, habari za masiku. Mimi niko Mombasa, hebu niwaambie ya huku kabla hamjapigana.

Hiyo sheria ya sigara moja moja kwetu ipo tangu 2007. Pakiti haifai kupungua sigara kumi. Nenda kibanda chochote hapa Kisauni leo, itisha moja, utapewa na moto utawashiwa. Kwa hivyo mleta mada asidhani karatasi ndiyo dawa. Halafu ukiziba tundu hili wanatoboa lile. Mwaka 2019 kulikuja hivi vipakiti vidogo vya nikotini, vikiitwa Lyft, vijana wanaweka kati ya mdomo na ufizi. Hakuna moshi, hakuna harufu, mwalimu yuko mbele anafundisha na mwanafunzi ana nikotini mdomoni. Majani ya mpera ya yule kijana hayahitajiki tena.

Na hilo la mkulima tumelionja. Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kwa sababu vijana wa Pwani wamekwisha. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Watu wa Embu wanaoilima wakenda mahakamani, amri ikasimamishwa, na Rais akasema marufuku haina nguvu kwa kuwa ni zao linalotambuliwa na sheria. Sisi tunalia watoto, wao wanalia ada. Wote wana haki ya kulia, lakini wa kwangu ndiye anayelala barazani macho mekundu.

MTU WA PWANI:
Muguka si tumbaku bwana, usituchanganyie mada.

WA KISAUNI:
Mada mlishaichanganya na karanga za Mwingereza, muguka ndiyo imekukera?

DUKA LA KONA:
Mimi ndiye Mangi mnayemsema tangu juu kabisa, ingawa si Mchaga, mimi ni Mkinga. Nina duka Tandika.

Nitasema ukweli. Faida ya sigara kwa moja si kubwa, ila inamleta mtu. Anayekuja kwa fegi anaondoka na maji, vocha, mkate. Nikiacha kuuza moja moja leo, kesho wateja wangu wote wako kwa jirani hatua ishirini, na wale wanaozunguka na kibao kifuani wanauza karanga, pipi na sigara mpaka stendi. Polisi au mtu wa afya hajawahi kunifikia kuniuliza nimemuuzia nani, wanaokuja ni wa leseni na wa ushuru.

Watoto wa sare mimi siwauzii. Lakini akija amevua shati la shule, ana ndevu mbili, nimuombe cheti cha kuzaliwa? Na akija mtoto wa miaka minane anasema "baba kasema", na babaye namuona pale kwenye bao amenyoosha mkono, nimkatae? Nimewahi kumkataa mmoja. Baba alikuja akanitukania mama yangu mbele ya wateja.

FUNDI SURUALI:
Nilisema. Nyumbani.

MZAZI MBAGALA:
Fundi, aliyeandika hapo juu ni mwenye duka anakiri kwamba hakuna anayemkagua, wewe umeona "baba" tu. Ndugu wa Tandika, nakushukuru kwa ukweli wako. Ombi langu ni dogo: kile kibiriti cha kamba kitoe nje na pakiti iweke chini ya meza. Hilo halihitaji sheria.

DUKA LA KONA:
Kibiriti nitakitoa. Pakiti nikiificha mteja atajuaje ninazo?

MZAZI MBAGALA:
Anayevuta atauliza. Mimi sitaki ajue yule asiyevuta.

KIJANA WA BWENI:
Hapo mzee umenena. Hata mimi nikiona pakiti ndio nakumbuka.

KAMANDA 77:
Kijana hana msimamo. Sigara ni maamuzi ya mtu. Mimi nilizivuta nikiwa jeshini na nikaziacha siku niliyoamua.

MGANGA WA KATA:
Kamanda, hongera kwa dhati. Lakini kwa kila Kamanda mmoja ninao wengi wodini walioamua kila Januari. Huyu kijana alianza na miaka kumi na sita, akiwa na njaa, kati ya watu waliomzidi umri. Usimwite hana msimamo. Kijana, fika kituo chochote cha afya karibu nawe, sema wazi unataka kuacha. Usione haya.

KALIUA ASILIA:
Mganga, bado nakusubiri. Ada yako ililipwa na nini?

MGANGA WA KATA:
Ng'ombe. Baba yangu alikuwa mfugaji, Meatu. Na kama nimekuumiza kwa neno, kaka, hoja yangu bado iko pale pale: watoto wasishike jani, na mkulima apewe njia ya kutoka.

KALIUA ASILIA:
Njia ipi? Ndiyo kila mtu anasema, "zao mbadala", halafu anaondoka. Twende taratibu, nikuoneshe.

Tumbaku ina mkataba. Kabla mvua hazijaanza, chama cha msingi cha ushirika kinapewa mbolea, mbegu, dawa, vyote vya mkopo, vinakatwa jani likiuzwa. Bei inatajwa kwa dola. Inaumiza, mchambuzi anaweza kulishusha jani daraja moja ukalia siku nzima, na mwenzako akishindwa kulipa deni mnabeba wote. Lakini mbolea inafika kwa wakati. Sasa niambie alizeti nani ananikopesha? Ufuta nani? Korosho zimeletwa Tabora, nami nimepanda, lakini mkorosho unataka miaka mitatu na zaidi ndipo uone kitu, na mtoto wangu anaingia kidato cha kwanza Januari. Asali ninayo, mizinga yangu iko, inauzwa rejareja barabarani kwa kubahatisha.

LITUMBANDYOSI:
Huku Namtumbo wengine tumeingia kwenye mahindi na soya. Soko la soya lipo ila mnunuzi anakuja na mzani wake.

MPENDA MITI:
Kaliua, kuhusu asali tuongee pembeni. Nawafahamu watu wanaonunua kwa tani, wanachotaka ni iwe imechujwa na haina moshi. Wengi huko bado wanarina kwa kuchoma?

KALIUA ASILIA:
Wengi ndiyo. Mimi nina bomba la moshi na mavazi, nilinunua kwa hela ya msimu wa tumbaku, usinicheke. Kwa mwaka napata madumu, si tani. Lakini tuko majirani kumi na kitu wenye mizinga, tukikusanya tunaweza kufika.

NYAMA CHOMA:
Mleta mada, uzi wako umekwenda kurina asali.

MZAZI MBAGALA:
Acha uende. Kaliua, hilo la mkopo wa alizeti nalisikia kwa mara ya kwanza limeelezwa hivi. Kuna benki yoyote imewahi kukubali mkataba wa mnunuzi wa alizeti kama dhamana huko kwenu?

KALIUA ASILIA:
Kwetu hapana. Tulijaribu kupitia chama, wakataka hati za mashamba, na mashamba yetu mengi hayajapimwa. Kama kuna mtu humu yuko Singida au Dodoma, ambako alizeti inalimwa kwa wingi, aniambie wao pembejeo wanazipataje kabla ya mvua, na nani anasaini. Mpenda Miti, nimekutumia ujumbe.